Gramu 2,650 zilizokwenda na upepo: kisa cha kiyoyozi kimoja, mafundi watatu na cheti

Kiyoyozi ni cha BTU 18,000, kinatumia gesi ya kupoozea ya R-22, na kimefungwa ghorofani kwenye nyumba ya wageni iliyo hatua chache kutoka baharini. Kibandiko cha ubavuni kinasema gesi ni kilo 1.35 kwa bomba lisilozidi mita 5, na kila mita ya ziada iongezewe gramu 20. Bomba lililopo lina mita 8. Katika miezi 14 mafundi wameitwa mara tatu, na mara zote malalamiko ni yaleyale: hakipoozi. Fundi wa kwanza aliongeza gramu 600. Wa pili akaongeza 700. Wa tatu akasema gesi iliyomo imechafuka, akafungua vali, akaziachia gramu 500 zilizobaki zitoke hewani, kisha akajaza upya kilo 1.35. Wote watatu walilipwa. Hakuna hata mmoja aliyetafuta gesi inapovujia.

Kisa hiki kimetungwa kwa ajili ya darasa la mafundi wa majokofu na viyoyozi, na gramu hizo tunazijua kwa sababu tumezipanga wenyewe. Mafundi wa kisa wasingeweza kuzitaja. Hakuna aliyekuja na mizani. Hapo ndipo tunapotaka msomaji aanze kuangalia, kwa sababu kila kosa la kisa hiki linarudi kwenye mizani ambayo haikuwapo.

Tuanze na hasara. Kabla ya ziara ya kwanza zilivuja gramu 600, kabla ya pili 700, kabla ya tatu 850, na 500 zikaachiwa kwa mkono. Jumla ni gramu 2,650, karibu mara mbili ya gesi yote inayotakiwa na mashine. R-22 inaharibu tabaka la ozoni, na pia kilo moja yake ina nguvu ya kuongeza joto duniani sawa na kilo 1,810 za kaboni dayoksaidi. Zidisha: kiyoyozi kimoja cha chumba kimoja kimetoa sawa na tani 4.8. Ili gari litoe kiasi hicho lazima lichome zaidi ya lita 2,000 za petroli.

Geji haipimi kiasi cha gesi

Fundi wa kwanza na wa pili walifanya kile ambacho wengi wamekiona kwa mafundi waliowafundisha: funga hosi ya buluu, washa mashine, fungua mtungi, subiri geji ya shinikizo isome 70 psi, funga. Kwa R-22, 70 psi ni nyuzi joto 5 ndani ya koili, na kwa kiyoyozi kizima hiyo ni namba nzuri. Namba hiyo inaonyesha joto ambalo gesi inachemkia. Haisemi zimo gramu ngapi.

Zima mashine, iache ipoe mpaka ifikie joto la hewa la nyuzi 30, kisha pima. Geji itasoma karibu 158 psi. Itasoma hivyo mashine ikiwa na gramu 1,350, na itasoma hivyohivyo ikiwa na gramu 300. Maadamu kuna tone la gesi ya majimaji ndani, shinikizo linafuata joto tu. Mashine ya ukubwa huu ina nafasi ya lita 4 hivi ndani ya mabomba na koili, na mvuke wa R-22 kwenye nyuzi 30 una uzito wa gramu 50 kwa lita, kwa hiyo gramu 200 za kwanza zinatosha kuijaza nafasi yote. Fundi anayesema "gesi ipo, presha imesimama" anaweza kuwa amesimama mbele ya mashine iliyopoteza robo tatu ya gesi yake.

Upande wa pili wa kosa hilo ni mbaya vilevile. Chujio la kipande cha ndani likiziba vumbi, hewa haipiti, koili inapoa kupita kiasi, geji inashuka mpaka 55 psi na barafu inaanza kujengeka. Anayetegemea geji peke yake ataongeza gesi kwenye mashine iliyokwisha kutosheka, wakati dawa ilikuwa maji na brashi. Kwa hiyo chujio na koili husafishwa kwanza, na geji hufungwa baadaye.

Dalili za upungufu wa kweli zilikuwapo tangu ziara ya kwanza. Geji ilisoma 45 psi. Bomba dogo la robo inchi liliota ukungu mweupe wa barafu pale kwenye vali ya nje, na koili ya ndani iliganda safu za mwanzo tu huku safu za juu zikiwa kavu na vuguvugu. Halafu palikuwa na alama nyeusi ya mafuta, pana kama sarafu, chini ya nati ya bomba la nusu inchi kwenye kipande cha nje. Gesi inapotoka hubeba mafuta ya kompresa, mafuta hayo hushika vumbi, na vumbi humwonyesha fundi pa kuanzia. Povu la sabuni lingemaliza ubishi kwa dakika mbili. Nati ilikuwa imekazwa kwa spana malaya na mkono wenye nguvu, mpaka mdomo wa shaba ukakonda na kupata ufa mwembamba kuliko unywele. Nati ya robo inchi hutaka nyutoni-mita 14 hadi 18, ya nusu inchi takriban 49 hadi 61. Zaidi ya hapo hufungi tena, unakata.

Ziara ya tatu, kabla vali haijafunguliwa

Turudi pale fundi wa tatu alipofika. Ndani zimebaki gramu 500. Kabla hajagusa kitu ana uamuzi wa kufanya: gesi hii ataihamishia wapi?

Wengi watajibu haraka: funga vali ya bomba dogo, washa kompresa, gesi yote ijikusanye kipande cha nje, funga vali ya bomba kubwa. Kwa matengenezo ya upande wa ndani, njia hiyo ni nzuri na haina gharama. Kwa kisa hiki ni mtego. Ufa uko kwenye bomba la kunyonya. Kompresa ikiendelea kuvuta huku vali ya mbele imefungwa, upande huo unashuka chini ya shinikizo la hewa, na ufa ambao ulikuwa unatoa gesi unaanza kunyonya hewa yenye unyevu wa bahari. Hewa na mafuta vikibanwa pamoja ndani ya kompresa yenye moto huweza kulipuka kama ndani ya injini ya dizeli, na kwingineko duniani mafundi wamepoteza maisha kwa njia hii. Mtahiniwa wa cheti cha ufundi akiichagua njia hii, lazima aeleze atasimamisha kompresa geji ikiwa bado juu ya sifuri, 2 hadi 5 psi, na kwa nini. Asipoweza kueleza, hatua hiyo haijamwiva.

Njia salama hapa ni mashine ya kukusanya gesi. Mtungi wa kukusanyia ni ule wenye vali mbili, uliotengenezwa kujazwa tena, na uwe umetengwa kwa R-22 peke yake. Mtungi wa kutupa wa kilo 13.6, ule unaouzwa dukani, haujazwi tena kwa sababu yoyote. Weka mtungi juu ya mizani, rudisha mizani sifuri, fungua, vuta. Geji ikifika sifuri, zima na usubiri dakika kumi. Itapanda, kwa kuwa gesi iliyoyeyuka ndani ya mafuta ya kompresa inaendelea kutoka kidogokidogo. Vuta tena mpaka itulie. Kinachobaki katika lita 4 kwa shinikizo la kawaida la hewa ni gramu 14 hivi. Mizani ikisoma 480, kazi imefanyika. Ikisoma 300, kuna gramu 200 zinazotafutwa: ama zimebaki ndani, ama zimetoka kwenye hosi.

Hosi nazo zina hesabu yake. Hosi ya mita moja na nusu iliyojaa gesi ya majimaji inabeba gramu 30 hadi 35. Fundi anayefungua hosi tatu zikiwa zimejaa anatupa karibu gramu 100 kila kazi, na hilo hutokea hata kwa wale wanaojiona waangalifu. Hosi zenye vali ndogo mwishoni huondoa tatizo hilo karibu lote.

Sasa mdomo ulioharibika ukatwe, bomba lisafishwe kingo za ndani huku likiinamishwa ili vumbi la shaba lisiingie, mdomo mpya utengenezwe, upakwe tone la mafuta, ukazwe kwa spana ya kupimia nguvu. Kama kuna mahali pa kuchomelea, naitrojeni ipite taratibu ndani ya bomba, lita 2 au 3 kwa dakika, wakati moto unawaka. Bila hiyo ndani ya bomba hujengeka magamba meusi, magamba husafiri hadi kwenye kapilari, kile kibomba chembamba sana, na miezi miwili baadaye mteja anaambiwa kompresa imechoka.

Jaribio la kuvuja hufanywa kwa naitrojeni kavu, kwa kidhibiti cha shinikizo, hadi bar 20 kwa mashine ya R-22. Mtungi wa naitrojeni una bar 150 na zaidi, kwa hiyo kuufunga moja kwa moja kwenye kiyoyozi bila kidhibiti ni kutengeneza bomu. Oksijeni ni marufuku kabisa: ikikutana na mafuta ya kompresa chini ya shinikizo huwaka yenyewe. Onyo hili linahitaji kurudiwa kila darasa, kwa sababu mtungi wa oksijeni wa mchomeleaji ndio unaokuwa karibu siku naitrojeni ikikosekana.

Jaribio hili lina mtego mmoja ambao huwaangusha hata mafundi wazuri. Unajaza bar 20 saa nane mchana, joto likiwa nyuzi 32. Unarudi jioni, joto limeshuka hadi 27, geji inasoma 19.7. Je, inavuja? Haivuji. Naitrojeni hupungua shinikizo ikipoa: bar 20 za geji na moja ya hewa ni bar 21 kamili, zidisha 300, gawanya kwa 305 (nyuzi 27 na 32, kila moja ikiongezwa 273), toa bar moja ya hewa, unapata 19.66. Asiyejua hesabu hii atafungua tena nati iliyo nzima. Anayeijua nusunusu atasamehe upungufu wa bar 2 kwa kusema "ni baridi ya jioni".

Baada ya hapo ni vakyumu, yaani kuvuta kwa pampu hewa na unyevu wote uliomo, na hapa geji ya kawaida haifai kitu. Sindano yake hugusa chini mapema mno. Kinachotakiwa ni kipimo cha maikroni, kinachosoma shinikizo dogo mno, kifungwe upande wa mashine, mbali na pampu. Shuka hadi 500, tenga pampu, angalia dakika kumi. Ikipanda hadi 1,500 kisha ikasimama, ni maji yaliyobaki ndani, endelea kuvuta. Ikipanda bila kusimama, kuna tundu. Kutoa hewa kwa kusukumiza gesi mpya kwenye bomba, ile desturi ya "kupuliza kidogo", kunatupa gesi na kuacha unyevu ndani. Unyevu huo, R-22 na mafuta, kwa joto la kompresa, hutengeneza asidi inayokula nyaya za mota.

Mwisho ni kujaza kwa uzito: 1,350 na 60 za mita tatu za ziada, jumla 1,410. Zile 480 zilizokusanywa hurudi kwenye mashine ileile baada ya kupitishwa kwenye chujio la kukausha, mradi kipimo cha asidi kimetoka safi. Mpya ni 930. Kauli ya fundi wa tatu kwamba gesi "imechafuka" ilikuwa bure, kwani hakupima.

Mtahini anajua, mtahiniwa hajui

Mafundi wengi wa Afrika Mashariki walijifunza kazi gereji na vibandani, chini ya fundi mkubwa. Tanzania, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa urasimishaji ujuzi unaompa fundi wa namna hiyo nafasi ya kupimwa na kupewa cheti bila kurudi darasani miaka miwili. Ni utaratibu wa haki. Lakini ukimpima aliyezoea kujaza kwa geji kwa kumuuliza maswali ya kuchagua, atafaulu na atarudi kujaza kwa geji.

Marekani ilianza kudai cheti cha gesi tarehe 14 Novemba 1994. Kipo cha aina ya kwanza kwa vifaa vidogo, ya pili kwa mitambo ya shinikizo kubwa, ya tatu kwa ya shinikizo dogo, na kile cha vyote. Mtihani wake ni wa maandishi na cheti hakiishi muda. Ulaya inadai nadharia pamoja na vitendo, na kanuni yao ya mwaka 2024 imeongeza gesi mbadala na kumtaka fundi ajinoe upya angalau kila miaka saba. Kwa maoni yetu njia ya Ulaya ndiyo ya kuigwa, kwani mkono hausahihishwi kwa kalamu.

Kwa kisa hiki mtihani wa vitendo tungeupanga hivi. Mtahini anajaza kiyoyozi gesi kwa uzito anaoujua yeye, tuseme gramu 870, na kuandika namba hiyo kwenye karatasi iliyofungwa. Mahali fulani amelegeza nati moja, na kwenye vali nyingine ameondoa kifuniko cha shaba na kuacha kipini kinachopumua, kwa kuwa kifuniko hicho ndicho kizuizi cha pili na mafundi wengi hukipoteza. Mtahiniwa anatakiwa atafute, akusanye, atengeneze, ajaribu, apige vakyumu, ajaze na aandike. Gesi aliyoikusanya ikipimwa, tofauti isizidi gramu 50. Hakuna maelezo yanayoweza kuziba pengo la gramu 300.

Makosa manne yamwondoe mtu papo hapo hata akiwa na alama 90: kuachia gesi hewani kwa makusudi, kutumia oksijeni, kujaza mtungi bila mizani, na kuchanganya gesi mbili kwenye mtungi mmoja. Swali la mtungi liwe la hesabu. Mtungi wa lita 12 una kilo 9 za R-22, unaweza kupokea kilo 3 nyingine? Mwisho wa kujaza ni asilimia 80 ya ujazo, 0.8 mara 12 mara 1.19 ni kilo 11.4. Haiwezekani. Mtungi uliojazwa kupita hapo ukiachwa juani nyuma ya pikapu, majimaji hutanuka, nafasi ya mvuke huisha, na chuma hupasuka.

Kishawishi cha gesi nyepesi

R-22 inakwisha. Kwa ratiba ya Itifaki ya Montreal, nchi zinazoendelea zinatakiwa ziwe zimepunguza gesi za kundi lake kwa asilimia 67.5 mwaka 2025 na asilimia 97.5 mwaka 2030. Marekebisho yaliyopitishwa Kigali Oktoba 2016 yanazibana nazo zile zilizokuja baada yake, kama R-410A. Bei inapanda, na sokoni zinaingia gesi za mkato. Mwaka 2011 wafanyakazi watatu walikufa katika milipuko ya makontena ya baridi yaliyokuwa yametiwa gesi bandia iliyouzwa kama R-134a. Ndani yake kulikuwa na kloridi ya methili, ambayo ikikutana na aluminiamu hutengeneza kitu kinachowaka kikigusa hewa.

Kishawishi kikubwa zaidi kwa fundi wa kisa chetu ni R-290, yaani propani safi. Shinikizo lake liko karibu na la R-22, mashine itapoza, na mteja atafurahi. Kama gesi, ni nzuri: haiharibu ozoni na haina uzito wa kutajwa katika joto la dunia, na viyoyozi vilivyotengenezwa kwa ajili yake tunavikaribisha. Kuitia kwenye mashine ya R-22 ni jambo jingine. Mashine hii ingechukua gramu 570 hivi. Chumba cha mita 3 kwa 3 chenye kimo cha mita 2.5 kina mita za ujazo 22.5, na gesi yote ikimwagika ikasambaa sawasawa ni gramu 25 kwa mita ya ujazo, chini ya kiwango cha kuwaka cha 38. Wengi huishia hapo na kutulia. Lakini propani ni nzito kuliko hewa na hulala sakafuni. Ikibaki kwenye mita moja ya chini, ni gramu 63 kwa mita ya ujazo, kwenye kimo cha kitanda cha mgeni, soketi ya ukutani na dawa ya mbu inayowaka. Cheti cha R-22 kisimruhusu mtu kugusa gesi zinazowaka. Hizo ziwe na mafunzo na mtihani wake.

Kinachofanya fundi mwenye cheti afungue vali usiku

Kuongeza gesi kwa geji ni kazi ya dakika 20. Kazi tuliyoieleza ni ya nusu siku: kukusanya, kukata, naitrojeni, vakyumu, kupima. Mteja anayesema "fundi, tia gesi tu, mgeni anaingia saa kumi" hulipia gesi, halipii kazi. Stakabadhi ikiandika gramu zilizotolewa na gramu zilizoingia, mwenye nyumba wa kisa chetu angejua ziara ya pili kwamba analipia tundu.

Mashine ya kukusanya gesi ni ghali kwa fundi wa mtaani, na ni heri mafundi sita wa eneo moja wamiliki moja kwa pamoja kuliko kila mmoja kubaki na ahadi ya kuinunua. Na mtungi uliojaa gesi mchanganyiko hauna soko: hausafishiki kwa vifaa vya mtaani, na mwenye nao anautaka mtupu ifikapo kesho. Penye kituo cha kuupokea, utapelekwa. Pasipo na kituo, utafunguliwa nyuma ya karakana, na aliyeufungua atakuwa na cheti mfukoni. Hata mtungi wa gesi mpya unaoitwa mtupu una deni: wa lita 13 ulioishiwa majimaji kwenye nyuzi 30 bado una mvuke wa zaidi ya gramu 600, karibu nusu ya gesi ya kiyoyozi kizima. Gesi hiyo huvutwa na mashine ya kukusanya kabla mtungi haujatobolewa na kupelekwa kwa wauza chuma chakavu.

Kadi inayobandikwa ndani ya kifuniko cha kipande cha nje, kwa ziara ya tatu iliyofanywa ipasavyo, ingesomeka hivi: R-22, imetolewa 480 g, nati ya nusu inchi, mdomo mpya, naitrojeni bar 20 kwa muda wa saa 4, haikuvuja, vakyumu maikroni 420, dakika 10, imejazwa 1,410 g, kati yake mpya 930 g, kurudi kukagua baada ya siku 30.